Jinsi ya Kuhama Nyumba ya Mwezi kwa Mwezi na Kurudishiwa Dipoziti Yako: Mwongozo Kamili kwa Mpangaji wa Kenya

Swali ni lile lile kila mwisho wa mwezi: "Nimehama, mwenye nyumba amekataa na dipoziti yangu, nifanye nini?" Nikiuliza notisi ilitolewa lini na kwa njia gani, jibu nalo ni lile lile: "Nilimwambia keretaka."

Hapo ndipo pesa hupotelea. Mimi mwenyewe niliacha KSh 14,000 ya bedsita kwa njia hiyo. Nilikutana na keretaka, yule mwangalizi wa jengo, ngazini, ana ndoo ya maji mkononi, nikamwambia nahama mwisho wa mwezi. Akasema, "Sawa, boss." Siku ya kuhama akaapa hajawahi kusikia habari hiyo, na mimi sikuwa na hata kipande cha karatasi cha kumjibu.

Mpangaji wa mwezi kwa mwezi ana haki nyingi kuliko anavyodhani. Shida ni kwamba karibu zote hushikwa na tarehe na maandishi, na sisi tumezoea kupanga kwa mdomo. Mwongozo huu unahusu nyumba ya kuishi nchini Kenya. Kama umepanga duka au hoteli, usiufuate: biashara zina sheria yake, Sura ya 301 ya Sheria za Kenya, na baraza lake.

## Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

- Mkataba, kama ulipewa. Kama hukupewa, usiogope, endelea kusoma.
- Ujumbe wa M-Pesa wa siku uliyolipa dipoziti, pamoja na za kodi. Kama ulizifuta, piga *334# uombe taarifa ya akaunti. Kama ulilipia benki, omba taarifa ya benki.
- Risiti zozote, hata zile za kuandikwa kwa mkono kwenye kitabu cha nakala mbili.
- Picha za nyumba za siku uliyoingia. Kama huna, piga leo. Picha ya leo si sawa na ya siku ya kwanza, lakini inashinda kumbukumbu.
- Jina kamili la mwenye nyumba au la ajenti, na namba yake ya simu. "Mama Kevo wa ploti ya kijani" hatoshi. Utamhitaji mtu mwenye jina ukifika Hatua ya 8.
- Karatasi, kalamu, na rafiki mmoja wa kuwa shahidi.

Angalia pia pesa zako zilienda wapi. Kama ulikuwa ukituma kodi kwa namba binafsi ya keretaka, tafuta ujumbe wowote wa mwenye nyumba au ajenti unaoonyesha alijua hivyo. Bila huo, anaweza kusema huyo keretaka alikuwa akila peke yake.

## Hatua ya 1: Jua wewe ni mpangaji wa aina gani

Soma mkataba utafute mambo mawili: muda wa kupanga, na muda wa notisi. Kama mkataba unasema notisi ni mwezi mmoja, fuata hivyo. Kama unasema miezi miwili na ukatia sahihi, hiyo ndiyo utakayoshikiliwa nayo.

Kama hakuna mkataba kabisa, au upo lakini hausemi lolote juu ya muda na notisi, sheria inajaza pengo. Sheria ya Ardhi ya 2012, kifungu cha 57, inakuchukua kuwa mpangaji wa kipindi, na kipindi chenyewe ni kile unacholipia kodi. Ukilipa kila mwezi, kipindi chako ni mwezi. Ni vivyo hivyo kwa yule ambaye mkataba wake wa mwaka uliisha zamani, akaendelea kukaa na kulipa, na mwenye nyumba akaendelea kupokea.

Kwa hiyo usikubali kuambiwa "huna mkataba, huna haki." Kutokuwa na karatasi hakukufanyi mgeni ndani ya nyumba unayoilipia.

Kuna kundi moja lenye ulinzi zaidi. Kama kodi ya kisheria ya nyumba yako haizidi KSh 2,500 kwa mwezi, uko chini ya Sheria ya Udhibiti wa Kodi za Nyumba, Sura ya 296. Huko mwenye nyumba hawezi kukutoa bila sababu zinazotambuliwa na sheria na amri ya baraza la kodi la sheria hiyo. Kwa Nairobi ya leo, kiwango hicho kimebaki kwa vyumba vichache vya mabati, lakini bado kipo kwenye vitabu.

Umefaulu ukiweza kujibu: kodi yangu inaangukia tarehe ngapi, na notisi yangu ni ya muda gani?

## Hatua ya 2: Hesabu tarehe ya notisi

Hapa ndipo wengi huanguka, hata wale walioandika barua nzuri.

Kifungu hicho cha 57 kinadai mambo mawili kwa pamoja. Kwanza, notisi isipungue kipindi cha upangaji, yaani mwezi mzima. Pili, iishe siku ambayo kodi inalipwa. Wengi hulikumbuka la kwanza tu.

Chukua mfano. Kodi yako inaangukia tarehe 1, na unataka kutoka Novemba ikiisha. Notisi lazima iwe mikononi mwa mwenye nyumba kufikia tarehe 1 Novemba, ili iishe tarehe 1 Desemba. Mimi ningeipeleka Oktoba 27 au 28, nisibishane na mtu kuhusu siku moja.

Sasa tuseme umekumbuka Novemba 12. Mwezi mzima unaisha Desemba 12, na siku ya kodi inayofuata baada ya hapo ni Januari 1. Notisi yako inaisha Januari 1, na kodi ya Desemba ni yako hata ukihama kesho. Mwenye nyumba akikata mwezi huo kwenye dipoziti, hajakuibia.

Onyo: "Lipa kabla ya tarehe 5" haimaanishi kodi inaangukia tarehe 5. Mara nyingi kodi ni ya tarehe 1, na hizo siku nne ni za kuvumiliwa tu. Ukiwa na shaka, hesabu kwa tarehe 1.

Hesabu hii inamfunga mwenye nyumba pia. Akikutumia ujumbe Novemba 12 kwamba uwe umetoka mwisho wa mwezi, na hakuna mkataba unaosema vingine, notisi hiyo haitoshi. Akitaka kupandisha kodi ni hivyo hivyo: anaweza kukwambia ukubali kodi mpya au utoke, ila kodi mpya haianzi kesho yake asubuhi. Mjibu kwa maandishi, kwa heshima, ukimtajia tarehe sahihi.

## Hatua ya 3: Andika notisi na uhakikishe imefika

Barua haihitaji Kiswahili cha bungeni. Inahitaji majina, namba ya nyumba, tarehe mbili na sahihi. Hii inatosha:

> Tarehe: 27 Oktoba ........
>
> Kwa: Bw./Bi. ................ (mwenye nyumba / ajenti)
>
> YAH: NOTISI YA KUHAMA, NYUMBA NAMBA B4
>
> Mimi ................, mpangaji wa nyumba iliyotajwa hapo juu, natoa notisi kwamba upangaji wangu utakwisha tarehe 1 Desemba ......... Kodi ya Novemba nitailipa kama kawaida.
>
> Naomba tukague nyumba pamoja tarehe 30 Novemba saa nne asubuhi. Dipoziti yangu ya KSh ........, niliyolipa tarehe ........ kwa M-Pesa namba ................, naomba irudishwe kwa namba hii hii ya simu.
>
> Sahihi: ................
>
> Imepokewa na: ................ Tarehe: ........

Chapisha au andika nakala mbili. Moja mpe, nyingine aitie sahihi ubaki nayo. Ile sehemu ya "Imepokewa na" ni ndogo, lakini ndiyo iliyoniponyoka mimi.

Kisha piga picha ya nakala iliyotiwa sahihi, uitume kwa WhatsApp ya mwenye nyumba au ajenti mwenyewe siku hiyo hiyo. Akikataa kutia sahihi, usigombane naye. Mwachie barua mbele ya shahidi wako, tuma picha, halafu tuma na SMS ya kawaida yenye maneno machache: "Nimekuachia notisi ya kuhama leo, upangaji unaisha 1 Desemba." Kwenye WhatsApp mtu anaweza kuzima tiki za buluu za kuonyesha amesoma; SMS haina tiki za kuzima.

Keretaka anaweza kupokea barua. Asiwe tu ndiye mtu pekee aliyeipokea.

Umefaulu ukiwa na: nakala yenye sahihi, au picha za skrini zinazoonyesha ujumbe, tarehe na namba ya aliyepokea.

## Hatua ya 4: Vuka mwezi wa notisi bila kuteleza

Lipa kodi ya mwezi wa mwisho. Najua hili halipendwi. Mtaani ushauri ni mmoja: "Usilipe, mwambie akate kwa dipoziti, hiyo pesa hutaiona tena." Naelewa chanzo chake, na nimeona likifanya kazi kwa watu wenye ajenti waelewa. Lakini dipoziti ni pesa ya kukinga uharibifu na madeni. Si kodi ya mwezi wa mwisho mpaka mwenye nyumba akubali hivyo. Usipolipa bila yeye kukubali, wewe ndiye unayedaiwa, na anayedaiwa hubishiwa mlango na dalali, mtu wa kukamata na kuuza mali za wadaiwa.

Kama unataka kukaa kwa dipoziti, muombe, na akikubali akubali kwa maandishi. Hata "sawa" ya WhatsApp inatosha, mradi swali lako juu yake linaeleweka.

Kuhusu dalali: mwenye nyumba unayedaiwa naye anaweza kukamata vitu vya nyumba chini ya Sura ya 293, lakini kupitia dalali mwenye leseni. Keretaka na vijana wawili wa mtaani wakiingia wabebe televisheni yako, huko si kukamata kwa mujibu wa sheria. Nguo zako za lazima na matandiko havikamatwi. Dalali akija, muombe akuonyeshe leseni na karatasi za kazi hiyo, uzipige picha kabla ya kuzungumza lolote lingine.

### Akikuwekea kufuli au kukukatia stima

Hutokea hasa ukishatoa notisi, kwa sababu sasa hamna la kupoteza kati yenu. Ukiwa bado unaishi humo, njia ya kukutoa kwa nguvu ni mahakama. Kufuli lake juu ya lako, mlango uliong'olewa, mabati yaliyovuliwa, stima iliyokatwa kwenye mita ndogo huku umelipa: hakuna hata moja linalochukua nafasi ya amri ya mahakama.

Fanya hivi, kwa mpangilio huu:

1. Piga picha za kufuli au mita, saa ikionekana.
2. Mtumie ujumbe: "Nimekuta nyumba imefungwa. Kodi yangu ya mwezi huu imelipwa, namba ya M-Pesa ni hii. Naomba ifunguliwe leo." Usitukane. Ujumbe huu utasomwa na mtu mwingine siku moja.
3. Nenda kituo cha polisi upige ripoti, uondoke na namba ya OB, yaani namba ya ripoti yako kwenye kitabu cha matukio. Askari wengi watakwambia ni kesi ya madai. Sawa, wewe unataka ile namba.
4. Nenda mahakama ya hakimu iliyo karibu, au kwenye lile baraza la kodi kama kodi yako haizidi kile kikomo cha 2,500, uombe amri ya kufunguliwa.

Onyo: Usivunje kufuli. Ukivunja, mazungumzo yatageuka kuwa juu ya mlango ulioharibu.

## Hatua ya 5: Tenganisha uharibifu na uchakavu

Sheria ya Ardhi, kifungu cha 66, inakutaka urudishe nyumba ilivyokuwa, isipokuwa uchakavu unaotokana na matumizi ya kawaida. Upande wa mwenye nyumba, kifungu cha 65 kinamtaka aiweke nyumba katika hali ya kukaliwa na binadamu, na kama ni jengo la wapangaji wengi, paa, kuta kuu, mifereji mikuu na sehemu za pamoja ziko juu yake.

Kwa lugha ya kawaida: rangi iliyofifia karibu na swichi kwa miaka mitatu ya vidole ni uchakavu. Mchoro wa mtoto kwa kalamu ya wino ukutani ni wako. Unyevu unaoshuka kutoka bafu la jirani wa juu si wako kamwe, hata ukiwa umekula nusu ya ukuta. Bomba lililolegea kwa umri ni lake. Sinki iliyopasuka kwa sababu uliangushia sufuria ni yako. Misumari ya kuning'iniza televisheni ni yako pia, lakini kwa simiti nyeupe kidogo utaziba matundu kwa mkono wako.

Chokochoko iko kwenye rangi. Mikataba mingi inasema mpangaji apake rangi akitoka. Kama ulitia sahihi hilo, tafuta fundi wako mwenyewe na ununue rangi mwenyewe, ubaki na risiti. Ukimwachia ajenti, bili yake ya chumba kimoja itatosha kupaka jengo. Kama mkataba hausemi, hudaiwi kupaka ukuta uliochakaa kwa kukaliwa tu.

Tengeneza vilivyo vyako wiki mbili kabla ya kuhama, si usiku wa mwisho huku lori likinguruma nje.

## Hatua ya 6: Kagua, kabidhi, ondoka

Toa vitu kwanza, safisha, halafu kagua. Nyumba tupu haifichi kitu, na picha zake zinasomeka.

Jiandae kwa geti. Majengo mengi Nairobi hayaruhusu lori kutoka bila karatasi ya ajenti ya kuonyesha huna deni, na mengine hayaruhusu kuhama jioni. Iombe karatasi hiyo siku tatu kabla. Nimeona familia ikilala na godoro juu ya pikapu kwa sababu ajenti alifunga ofisi saa tano Jumamosi.

Siku ya ukaguzi:

- Piga video moja isiyokatika, kuanzia mlango wa mbele, kila chumba, dari, madirisha, choo ukikivuta maji, bomba zikifunguliwa, swichi zikiwashwa.
- Piga picha ya mita ya stima na ya maji. Kama stima ni ya tokeni, usiache deni. Kama ni mita ndogo ya jengo, lipa salio uchukue risiti.
- Andikeni karatasi moja ya hali ya nyumba, kila mtu atie sahihi. Akiandika kasoro usiyokubaliana nayo, usikatae kutia sahihi. Andika pembeni "sikubali, ilikuwepo nilipoingia", kisha tia.
- Rudisha funguo zote, aandike idadi na tarehe.

Funguo zina uzito kuliko zinavyoonekana. Mpaka uzirudishe, mwenye nyumba anaweza kudai bado unakaa, na kodi inahesabika. Asipotokea siku ya ukaguzi, piga video, mkabidhi keretaka funguo mbele ya shahidi, utume ujumbe saa ile ile.

Umefaulu ukiwa na: video, karatasi ya ukaguzi, na uthibitisho wa funguo.

## Hatua ya 7: Dai kwa barua kabla ya kudai kwa hasira

Kama mkataba unataja siku za kurudisha dipoziti, subiri hizo. Kama hautaji, subiri wiki mbili hivi. Pesa isipokuja, andika barua ya madai. Usipige simu ishirini, simu haiachi maandishi ya mliyoongea.

Barua itaje mambo matano: kiasi ulicholipa na lini, tarehe ya notisi, tarehe ya kurudisha funguo, kiasi unachodai, na siku 14 za kulipa kabla hujaenda Mahakama ya Madai Madogo. Akidai kuna makato, mtake orodha yenye bei na risiti za fundi. "Ukarabati KSh 9,000" si orodha.

Wengi hulipa wakifika hapa. Wengine huleta nusu. Nusu unaweza kuichukua, ila jibu kwa maandishi kwamba ni sehemu tu ya deni, vinginevyo atasema mlimalizana. Kwenda kwa chifu mkapatanishwe si vibaya na hakuna gharama kubwa, lakini akikataa kulipa pale, songa mbele.

## Hatua ya 8: Mahakama ya Madai Madogo

Mahakama hii iliundwa na sheria ya 2016. Inasikiliza madai ya pesa yasiyozidi KSh 1,000,000, huhitaji wakili, na sheria inaitaka imalize kesi ndani ya siku 60 tangu kufunguliwa. Kwa mtu anayedai 14,000 au 40,000, ndiyo mahakama pekee ambayo gharama haili dai lenyewe.

Andika dai lako kama dai la pesa. Mahakama hii hushughulikia, pamoja na mengine, mikataba inayohusu pesa alizopokea na kuzishikilia mtu mwingine. Dipoziti ndiyo hiyo: ulimpa ashike, upangaji umekwisha, hajarudisha. Ukianza kueleza nani alikuwa na haki ya kukaa ndani ya nyumba, unaingia kwenye migogoro ya ardhi na upangaji, na upande wa pili utasema uko mahakama isiyo yako.

Utajaza fomu ya madai na kulipa ada, kisha mdaiwa apelekewe hati. Mshtaki mtu au kampuni yenye jina iliyopokea pesa. Kama pesa ilienda kwa ajenti na mwenye nyumba ni mwingine, wataje wote wawili, kwa sababu la kwanza watakalofanya ni kutupiana.

Ushahidi wako uupange kwa tarehe, kurasa zikiwa na namba: malipo ya dipoziti, notisi, kodi ya mwisho, picha, karatasi ya ukaguzi, funguo, barua ya madai. Mwamuzi wa mahakama hana muda wa kupekua simu yako. Chapisha ujumbe wa WhatsApp namba ya mtumaji ikionekana, na video weka kwenye flashi.

Ukiulizwa, jibu lililoulizwa. Hadithi ya jinsi keretaka alivyokuwa akikusalimu vibaya iache nyumbani.

Ukishinda na asilipe, rudi mahakama hiyo hiyo uombe utekelezaji wa hukumu. Hapo ndipo dalali mwenye leseni anapoweza kutumwa kwake, na gharama za dalali huyo huongezwa kwenye deni. Anaweza kukata rufaa Mahakama Kuu, lakini kwa hoja za sheria tu. Kubishana upya kama sinki ilikuwa imepasuka au la, huko hakupo.